Vifaa vya Zamani vya Joko katika Somo la Kuunganisha Kioo

Mwalimu wa kazi za mikono aweza kukuta shuleni joko la umeme lililokuwa likichomea vyombo vya udongo, pamoja na rafu zake na koni za kupimia joto. Je, vifaa hivyo vyafaa kuunganishia vipande vya chupa kwa moto? Vyafaa, lakini kwa masharti, kwani kioo si udongo.

Tuanze na jambo linalojulikana hapa Mpwapwa. Wafinyanzi wa Ugogo huchoma vyungu mahali pa wazi kwa kuni, na chungu hustahimili joto linalopanda na kushuka upesi. Kioo kikipozwa hivyo hupasuka. Ndiyo sababu twahitaji joko lenye mlango.

Kwanza, rafu. Kioo kilichoyeyuka hung'ang'ania rafu tupu. Tulowanishe rafu, tukwangue mabaki ya zamani, kisha tupake uji mwepesi wa kaolini, udongo mweupe kama ule wa Pugu, na tuukaushe kabisa. Wakrobo wa Ghana nao hupaka kaolini ndani ya kalibu za udongo kabla ya kutia unga wa chupa wa kutengenezea shanga.

Pili, koni. Vipande vya chupa huungana karibu na nyuzi 800 za Selsiasi. Koni ya nyuzi 1,200 haitainama katika joto hilo. Mwalimu akiingoja, kazi yote itaharibika. Atafute koni namba 016 au 015.

Tatu, kupoza. Joto likishuka hadi nyuzi 550 hivi, tulishikilie kwa muda wa saa moja, kisha tuzime umeme na kuacha mlango umefungwa hadi joko lipoe kabisa.

Sasa hadhari. Mbao za asibesto na pamba za zamani za kuzuia joto zisiguswe wala kusuguliwa; vumbi lake hudhuru mapafu, na madhara huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Ikiwa hatujui kifaa kimetengenezwa kwa kitu gani, tusikitumie. Kukata kioo na kukwangua rafu ni kazi ya mwalimu, si ya watoto.

Zoezi: Unganisha vipande viwili vya chupa moja, na vingine viwili vya chupa mbalimbali. Wanafunzi wachunguze ni vipi vilivyopasuka. Waulize: je, vioo vyote hutanuka na kusinyaa sawasawa? Wajibu kwa waliyoyaona, kabla mwalimu hajaeleza.