Somo la Pakiti: Kabla Hujatafuna, Soma

Muhula umeanza na wageni wetu kutoka Dar, Mombasa, Kampala na Bujumbura wameshaanza kuzunguka madukani. Kwa hiyo safari hii nimeona tuwe na somo dogo kuhusu vitafunio vya pakiti. Msicheke jamani! Nyumbani ukinunua bagia unamwona mama anayezikaanga, na ukitaka kujua ndani kuna nini, unamwuliza. Hapa Uingereza aliyetengeneza humwoni. Anayekujibu ni pakiti, na pakiti ina lugha yake. Asiyeijua lugha hiyo anaweza kula kitu ambacho dini yake imekikataza, au kumkaribisha mwenzake kitu kitakachompeleka hospitali.

1. Usiamini jina wala picha

Krismasi ikikaribia utaziona "mince pies" kila duka. Jina linakufanya ufikirie nyama ya kusaga kama ya sambusa, kumbe ndani ni zabibu kavu, matunda na viungo vitamu. Lakini usikimbilie kusema basi haina kitu cha mnyama: nyingine hutiwa "suet", yaani mafuta ya ng'ombe, na nyingine hutiwa brandi. "Scotch egg" nayo inafanana sana na egichopu ya kwetu, ila ile nyama iliyolizunguka yai kwa kawaida ni ya nguruwe. Kwa upande mwingine, krispi za "prawn cocktail" mara nyingi hazijawahi kukutana na kamba hata mmoja.

Angalia pia maneno mawili yanayofanana. Pakiti ikisema "strawberry flavoured", ladha yote au sehemu yake kubwa inatakiwa itokane na stroberi zenyewe. Ikisema "strawberry flavour", si lazima tunda liwemo kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni moja ndogo iliuza krispi za ladha ya kalunguyeye, ikaingia matatani kwa sababu kalunguyeye hakuwemo. Suluhisho likawa kubadilisha neno la kwanza kuwa la pili!

2. Geuza pakiti, soma viambato

Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kama sukari ni ya kwanza na matunda ni ya mwisho, basi unanunua sukari.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, neno la kulitafuta kwenye peremende laini za kuvutika ni "gelatine". Hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe. Pakiti nyingine hutaja mnyama, nyingine haitaji. Isipotaja na haina alama ya halali, mimi huirudisha rafuni.

Halafu kuna zile namba za E. Si zote ni za kutisha: E300 ni vitamini C tu. Lakini E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu, na E471 inaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama. Maneno "suitable for vegetarians" yanasaidia sana, maana jelatini na E120 hazitakuwemo. Ila kumbuka, hayakuambii lolote kuhusu pombe.

3. Mzio si mchezo

Hapa naomba tutulie. Sisi ni watu wa karanga, tunazila njiani, tunaziweka kwenye mboga, tunazipeleka kwenye kila sherehe. Lakini yupo mwenzako ambaye karanga chache zinaweza kumfunga koo. Sheria inataka vyakula 14 vinavyosababisha mzio vikiwemo vionekane wazi ndani ya orodha, kwa kawaida kwa herufi nzito. Miongoni mwao ni maziwa, mayai, samaki, soya, ufuta na karanga. Angalieni: "peanuts" ni karanga, ila "nuts" ni kundi jingine lenye korosho na lozi. Mtu anaweza kudhurika na moja asidhurike na nyingine, kwa hiyo muulize, usikisie.

Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ambao haukuandikwa kwenye pakiti. Kutokana na msiba huo, tangu Oktoba 2021 hata vyakula vinavyofungwa palepale dukani lazima viwe na orodha kamili. Kwa hiyo ukiona "may contain nuts" usidhani ni mapambo. Na mtu akianza kuvimba midomo au kupumua kwa shida, mpe sindano yake ya adrenalini kama anayo, na pigeni 999 mara moja.

4. Tarehe na rangi

"Use by" inahusu usalama: ikipita, tupa, hata kama hakinuki. "Best before" inahusu ubora tu: biskuti iliyopitisha wiki moja huenda imelainika lakini haitakudhuru. Ukijua tofauti hii utaokoa pauni nyingi kwenye rafu za bei iliyopunguzwa.

Pakiti nyingi pia zina taa za kijani, njano na nyekundu. Sukari ikizidi gramu 22.5 kwa kila gramu 100, taa ni nyekundu. Chumvi ni ikizidi 1.5. Lakini taa ya njano nayo isikudanganye. Chukua krispi zenye chumvi gramu 1.4 kwa kila 100. Ukimaliza pakiti ya gramu 150 usiku wa kujisomea, umekula gramu 2.1, na kiwango cha juu cha mtu mzima kwa siku ni 6. Zaidi ya theluthi imekwisha, na wali hujaupika!

Zoezi

Kwenye mkutano wetu ujao kila mmoja alete pakiti moja asiyoijua. Kabla ya kufungua tujibu: nani kati yetu hawezi kuila, na kwa nini? Tukishajibu ndipo tuonje. Marmite mnaruhusiwa kuleta, ila atakayeileta aanze yeye.

Kila la heri katika masomo.