Kulala Katika Nyumba ya Mlimani

Mtu wa Kakuyuni amezoea nyumba ya makuti ipitishayo upepo, na asikiapo habari za nyumba za wapanda mlima hudhani kwamba ni mahali pa kulala tu. Lakini katika Mlima Kilimanjaro nyumba hizo ni kama vidato vya ngazi. Humo ndimo mwili unamofundishwa kuishi kwa hewa chache.

Watu wa pwani walifika karibu na mlima huo zamani. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai, alisafiri hadi nchi ya Wachaga, akiongozwa na Bwana Kheri. Alipouliza habari ya weupe alioonekana kileleni, aliambiwa neno moja tu: baridi.

Siku hizi nyumba za kulala wapandaji zipo katika njia ya Marangu. Ya kwanza ni Mandara, iliyo msituni, kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ya pili ni Horombo, kama mita 3,700, ambako msitu umekwisha. Ya tatu ni Kibo, kama mita 4,700, penye mawe na mchanga mtupu. Mandara na Horombo ni majina ya watawala wa Wachaga wa zamani. Humo hamna anasa. Mna vitanda vya mbao na magodoro, na watu hulala pamoja. Huko Kibo hata maji hubebwa na wapagazi kutoka chini.

Mgeni kutoka pwani hukutana na mambo mawili. La kwanza ni baridi, kwa maana kila mita 1,000 apandazo, joto hupungua kwa digrii sita hivi. La pili halionekani kwa macho, nalo ni wepesi wa hewa. Huko Kibo kila pumzi huleta zaidi kidogo tu ya nusu ya hewa aipatayo mtu ufukoni. Kwa sababu iyo hiyo maji huchemka huko kwenye digrii 85 hivi badala ya 100, na maharagwe hukawia sana kuiva.

Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini hauzoei kwa siku moja. Ndiyo sababu wengi hulala Horombo usiku mbili kabla ya kuendelea. Yampasa mpandaji aende polepole, anywe maji mengi, ale hata kama hana hamu, wala asinywe pombe.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za kwanza. Aliye nazo asipande zaidi mpaka zimtoke, zikizidi, ateremke. Lakini akianza kupepesuka kama mlevi, au kusema maneno yasiyo na maana, au kutweta hali ameketi, hapo pana hatari ya kufa. Dawa iliyo kuu ni kumteremsha mara moja, ingawa ni usiku, wala asiachwe peke yake.

Jaribu kubwa huwa Kibo. Kwenye saa sita za usiku watu huamshwa waende kileleni, mita 5,895. Aliye mgonjwa huona haya, akikumbuka fedha alizolipa na wenzake watakaomcheka nyumbani. Basi hunyamaza, akajifunga viatu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Afadhali amwambie kiongozi wake kweli. Mlima hauhami, aliyeteremka akiwa hai aweza kurudi mwaka mwingine, na wazazi wake Kakuyuni watampokea kwa furaha ile ile.

Maswali
1. Kwa nini maharagwe hukawia kuiva mlimani?
2. Taja dalili tatu za hatari ya kufa.
3. Mwenzako akikuomba usimwambie kiongozi kwamba anaumwa, utafanya nini?