Hadhira Inaponasa Sauti ya Fanani

Wanafunzi wenzangu, tumefunzwa kwamba fasihi simulizi haikamiliki bila fanani na hadhira. Mimi naona muziki wa roki wathibitisha jambo hilo.

Grateful Dead ilikuwa bendi ya California, Marekani, iliyoanza mwaka 1965. Mashabiki walizoea kurekodi maonyesho yake kwa vinasa sauti vyao. Mwaka 1984 bendi ikawatengea sehemu yao ukumbini, mradi kanda wabadilishane tu, wasiziuze. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri!

Ukisikiliza kanda za aina hiyo utagundua mambo mawili:

(a) Sauti si safi kama ya studio, kwani kipaza sauti kiko mbali na jukwaa na hunasa mwangwi wa ukumbi.

(b) Makofi, vifijo na hata shabiki anayeimba kando, wote wamo. Hadhira imehifadhiwa pamoja na fanani.

Jerry Garcia, mpiga gita wao, alifariki mwaka 1995, lakini jioni zile zingali zasikika.

Basi tukienda kurekodi ngano za nyanya zetu, kwanza tuombe ruhusa. Halafu, watu wakicheka ama wakiitikia, tusizime kinasa sauti. Kicheko hicho nacho ni ngano, ati!