Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake

Mvua ya masika inapoanza mwezi Machi, wazazi wengi mjini hufunga madirisha na kuingiza jiko la makaa chumbani ili mtoto asishikwe na baridi. Hiyo ni hatari. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Mvike mtoto nguo nzito na kofia, jiko libaki nje.

Akikohoa, usikimbilie dawa ya kikohozi dukani. Mfunue kifua akiwa ametulia, kisha uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, huenda ana nimonia. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Kwa aliye chini ya miezi 2, hesabu ni 60, naye apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Fanya vivyo hivyo ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, hata kama ni usiku.

Angalia pia kadi yake ya kliniki: chanjo ya nimonia hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Baba naye ajifunze kuhesabu. Hii si kazi ya mama pekee.