KIMENG'ENYA KINACHOKOSESHA VIRUSI IMLA

Herufi moja tu ikikosewa, "baba" huwa "bata"! Mwilini mwetu mna kimeng'enya kiitwacho APOBEC3G, kilichotambuliwa mwaka wa 2002. Virusi vya Ukimwi vinapojinakili, kimeng'enya hiki hugeuza herufi C za DNA ya virusi kuwa U, nakala ikawa takataka tupu. Lakini virusi navyo ni vijanja: vina protini iitwayo Vif, inayofanya kimeng'enya hicho kiharibiwe.

Vita vya aina hii ni vya kale. Panya ana jeni moja tu ya ukoo wa APOBEC3; sisi binadamu tunazo 7. Wanasayansi wanasema kupambana na virusi vingi ndiko kulikoziongeza. Hata hivyo, silaha hizo 7 hazijaushinda Ukimwi. Basi wenzangu, tujihadhari!