Nani Kakwambia Popo wa Pemba Anauzika?

Safari hii nimechagua barua zilizonikera. Zinazouliza popo hula nini na hulala wapi nimeziweka kando. Nenda Kidike, kule Pemba wanakolala, jioni ukajionee.

*Nauza popo wachache tu. Nimeambiwa wamo Kiambatisho cha Pili cha CITES, na hicho kinaruhusu biashara. Kosa langu liko wapi?*

Barua nne zimekuja na hoja hiihii, kana kwamba zimeandikwa na wakili mmoja, tena mbovu. CITES ni mkataba wa biashara ya viumbe vya porini mipakani. Popo wa jenasi ya Pteropus, na huyu wa Pemba ni mmoja wao, awe hai au nyama, havushwi kwenda nchi nyingine bila kibali cha nchi anakotoka. Kibali hakitoki mpaka wataalamu waseme kumtoa porini hakutawadhuru waliobaki, na mpaka ithibitike kwamba alipatikana kihalali. Hapo kwenye "kihalali" ndipo unaponaswa, maana uhalali huo haupimwi Geneva kwenye ofisi za mkataba, unapimwa kwa sheria ya nyumbani. Nayo ni Sheria ya misitu ya Zanzibar, Na. 10 ya 1996, inayolinda na wanyamapori. Mkataba haukukupa ruhusa ya kumwangusha popo mtini ukamuuze Chake Chake. Soko la Chake Chake si mpaka.

*Na Sheria ya Wanyamapori ya 2009?*

Ya Bara hiyo. Wanyamapori si jambo la Muungano.

*Wako maelfu. Wakipungua watatu nani ataona?*

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Popo huyu hayupo popote duniani ila Pemba. Mwaka 1996 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilimweka kundi la walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Baadaye akashushwa hadi kundi lenye nafuu, na vijiji vilivyolinda miti anakolala vina mkono wao katika hilo. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Niliwahi kuletewa jike aliyepigwa manati. Tulipomkunjua bawa, kitoto kilikuwa bado kimeng'ang'ania ziwa, kinanyonya. Muuzaji alikuwa amehesabu popo mmoja.

*Supu ya popo hutibu pumu?*

Haitibu. Nenda hospitali ukapewe dawa ya kuvuta.

*Hawa ndio akina popobawa, yale mashetani ya usiku?*

Hapana. Hawa wanakula maembe.