SOMO: MWANGA WA KUPIGIA PICHA BIDHAA NDOGO

Ndugu Wanachama,

Wengi katika nyumba zetu sasa hutengeneza sabuni ya karafuu na mikoba ya ukili, na mnunuzi wa mbali huviona vitu hivyo kwanza katika picha ya simu. Picha ikiwa na giza, sabuni ya hudhurungi huonekana nyeusi kama iliyoungua, naye haitaki. Rangi ikipambwa kupita kiasi, atainunua, lakini akiipokea atasema amedanganywa. Basi yatupasa kutafuta mwanga wa haki, nao hauna gharama kubwa.

MCHANA. Weka meza kando ya dirisha. Jua likiingia, tundika kitambaa cheupe chepesi. Nyuma ya bidhaa simamisha karatasi nyeupe, na upande wa kivuli weka nyingine ngumu ili irudishe mwanga. Zima taa za ndani, maana mwanga wa manjano ukichanganyika na wa mchana huharibu rangi.

USIKU. Chukua boksi, kata madirisha mawili ubavuni, uyazibe kwa karatasi nyeupe nyembamba. Nje ya kila dirisha weka globu moja ya LED. Zote mbili ziwe za namna moja, zilizoandikwa 5000K au 5500K. Globu za kizamani hupata moto sana; zisikaribie karatasi.

Taa ya simu yenyewe usiiwashe, hutia kivuli kikali. Egemeza simu juu ya vitabu isitikisike.

Mwisho, linganisha picha na bidhaa yenyewe. Zikifanana, ndipo uitume.

Wasalaam,
Katibu